Goti la Sikudhani

Sofu, Kibaha
3 Machi 1980

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako cha msimu wa mvua kimetulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa hili moja linalonifanya nishike kalamu.

Najua ni miaka mingi. Tangu uliporudisha posa ya Hemedi nami nikaondoka Kisarawe, kila Krismasi nimenunua stempu ya barua yako, na kila Krismasi nimeishia kuibandika kwenye barua ya mtu mwingine. Leo siandiki kwa ajili yangu. Una mjukuu, anaitwa Sikudhani, yuko darasa la tatu. Jina alipewa na bibi yake mzaa baba, wa Mlandizi. Anapenda kusoma na anabisha sana, kwa hiyo hutauliza ametoka kwa nani.

Mwaka juzi alivunjika mguu, juu kidogo ya goti. Ulipona vizuri, akarudi kukimbia na wenzake. Sasa anachechemea, na sketi ya shule inakwenda upande. Nimempima kwa kamba nikaona mguu mmoja umebaki nyuma. Haumwi popote. Huku mmoja ananiambia ni minyoo, mwingine kuna mtu katupiga jicho. Hemedi ndiye aliyesema, "Una baba aliyefundisha waganga wa hospitali habari za mifupa maisha yake yote, na wewe unakwenda kuuliza wauza mizizi wa kituoni Kwa Mathias?"

Basi nauliza. Mfupa uliopona unawezaje kuacha kukua?

Binti yako,
Redempta


Kisarawe
11 Machi 1980

Mwanangu Redempta,

Marahaba. Barua yako aliileta Salehe, jirani yangu, ambaye siku hizi ndiye anayenipitia posta. Nilimwambia aiweke mezani, nikakaa naye tukazungumza habari za unga wa njano na foleni ya sabuni, mpaka alipoondoka. Ndipo nikaifungua. Sikutaka anione nikiisoma.

Kifua kimetulia. Mengine ni uzee tu.

Nikujibu ulichouliza. Watu hudhani mfupa hurefuka wote kwa pamoja, kama unga wa maandazi unavyoumuka. Sivyo. Mfupa mrefu wa mtoto hurefuka karibu na ncha zake tu, na pale penye kurefuka si mfupa hasa, ni gegedu, kitu kile laini cheupe unachokitafuna kwenye kidari cha kuku. Lile gegedu limelala pale jembamba kama kisahani, ng'ambo zote mbili likiwa limebanwa na mfupa. Seli zake hujipanga safu safu, hugawanyika, hunenepa, kisha hufa, na mahali zilipofia mishipa ya damu huingia, na nyuma ya mishipa wanaingia wajenzi wa mfupa. Umeona watu wanavyojenga hapa kwetu: kwanza wanasuka fito, kisha wanakandika udongo. Gegedu ni fito, mfupa ni udongo. Wa juu wanaendelea kusuka, wa chini wanakandika, na nyumba inapanda.

Akifika umri wa utu uzima, wasukaji wanaacha kazi, udongo unafunika kila kitu, na kimo kinaishia hapo.

Sasa niambie mambo mawili. Alivunjikaje, na nani alimfunga?

Baba yako


Sofu, Kibaha
30 Machi 1980

Baba,

Shikamoo. Tumeshukuru kwa majibu. Nilimsomea Hemedi barua yote, pamoja na fito. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee anaeleza vizuri. Ndiyo maana aliponikataa nilimwelewa mara moja." Usikasirike, ndivyo anavyotania.

Sikudhani alikuwa Magindu kwa baba yake mdogo, likizo. Alipewa ndama amshike, ndama akakurupuka, kamba ikamzunguka mguu na kumpindua. Sisi tulipata habari baada ya wiki. Walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa Mzee Mwinshehe, fundi wa mifupa anayeaminika kule kote. Wewe unajua mafundi hao wanavyofanya. Alichukua kuku mtetea, akamvunja mguu uleule, mahali palepale, akamfunga vijiti vya mianzi kama alivyomfunga mtoto, na dawa ileile akawapaka wote wawili. Masharti yalikuwa kwamba siku kuku atakaposimama na kutembea, ndiyo siku ya kumfungua mtoto.

Kuku alitembea. Mtoto akafunguliwa, naye akatembea. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kuku hakuchinjwa, ndiyo desturi, aliachwa aishi.

Sasa mama mkwe anasema, "Mtoto amepona, mnataka nini tena, mumvunje mara ya pili?" Na Hemedi ana swali lake, ameniambia niliandike kama alivyosema: "Yule kuku mpaka leo yuko Magindu, anatembea kama bibi harusi. Kafungwa na mtu yuleyule, kwa dawa ileile. Mbona yeye hajafupika?"

Binti yako,
Redempta


Kisarawe
8 Aprili 1980

Mwanangu Redempta,

Marahaba. Mvua zimeanza, na mimi natoka nje mara chache. Mungu anasaidia.

Mwambie mume wako kwamba katika miaka yote niliyosimama mbele ya ubao sikuulizwa swali zuri kama hilo. Jibu ni kwamba yule kuku alikuwa mtetea mkubwa. Alikuwa amemaliza kukua. Gegedu la kumrefusha halikuwepo tena, kwa hiyo hapakuwa na cha kuharibika. Laiti Mzee Mwinshehe angemchukua kifaranga, mngeona wote wawili wanachechemea. Simlaumu. Amefunga mfupa ukanyooka, na wako madaktari ambao wasingeweza. Lakini kuku alimtolea ushahidi wa kuunga tu. Kuhusu kukua hakuwa na la kumwambia.

Ninavyodhani ni hivi. Kamba ile ilipasua kile kisahani cha gegedu. Mfupa wa juu na mfupa wa chini ikaonana kupitia ule ufa, na ikashikana. Pakawa na daraja dogo la mfupa katikati ya gegedu. Upande uliobaki mzima unataka kukua, daraja linauzuia. Ndiyo maana goti la kushoto limeanza kuegemea ndani, na akiitwa ghafla, akigeuka, mguu anautupa nje kwanza.

Yule daktari mmisionari niliyefanya naye kazi bado ananitumia majarida kutoka kwao. Kuna jambo humo ambalo nilitamani kulifundisha na sikulijua nilipokuwa na wanafunzi. Walichukua kipande cha mfupa, wakakiloweka kwenye asidi mpaka chokaa yote ikatoka kikabaki laini, wakakizika ndani ya msuli wa sungura, mahali ambapo mfupa haujawahi kuota. Baada ya muda pakaota gegedu, na gegedu likageuka mfupa, pamoja na damu yake. Maana yake ndani ya mfupa kuna ujumbe uliofichwa unaoziambia seli: kuweni gegedu, sasa kuweni mfupa. Wanajua ni protini, bado hawajaitenga peke yake. Na kuna vichocheo vingine vya kukua, vinavyotoka kwenye ini na kusafiri kwa damu hadi kwenye gegedu. Vichocheo hivyo, mtoto asipokula vizuri, hupungua, basi mpe mayai na dagaa kila mnapopata.

Jambo la kukutia moyo ni kwamba ujumbe huo haujanyamaza katika mguu wa Sikudhani. Unaita, ila umefungiwa. Mpelekeni hospitali kubwa ya mjini, mumuulizie daktari wa mifupa aliyesomea Ufini. Huko wamejifunza kulichonga daraja na kuweka kipande cha mafuta ya mwili mahali pake, ili mfupa usishikane tena. Hufanyika wakati mtoto ana miaka ya kukua mbele yake. Msikawie.

Baba yako


Sofu, Kibaha
2 Juni 1980

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua haikukuumiza sana. Hapa maji yaliingia mpaka jikoni, sasa pamekauka.

Tulikwenda. Daktari ni kijana kuliko mimi, mpole. Alipiga picha, akaiweka kwenye mwanga, akanionyesha mstari mweusi wa gegedu, na katikati yake weupe, kama mtu alidondosha chokaa. Daraja, vilevile ulivyoandika. Aliuliza nani alitueleza. Nikasema baba yangu. Sijui ni lini mara ya mwisho nilitamka maneno hayo mbele ya mtu nikajisikia vizuri.

Anakubali kumpasua. Ila alisema, tena alisema kwa huzuni, kwamba mtoto angeletwa mwaka jana daraja lingekuwa bado jembamba na kazi ingekuwa nyepesi. Sasa limenenepa. Anaweza kulitoa, hawezi kuahidi kwamba gegedu lililobaki linatosha. Mama mkwe hataki kusikia kisu. Hemedi anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Baba, nina swali jingine. Nimezisoma barua zangu upya, kwa kuwa rasimu zake ninazo. Sikukuandikia kwamba ni mguu wa kushoto. Sikukuandikia kwamba goti linaegemea ndani. Na habari ya kuutupa mguu nje akiitwa ghafla, mimi mwenyewe sikuwa nimeiona, mpaka nilipousoma mstari wako, nikamwita, akageuka.

Nani alikuambia?

Redempta


Kisarawe
19 Juni 1980

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukumaliza kwa 'Binti yako', nimeona. Ni haki yako.

Hakuna aliyeniambia. Nilimwona.

Sikudhani alipokuwa hajaanza shule, mtu mmoja wa usharika aliniambia umehamia Sofu. Nilivaa koti, nikapanda basi hadi mjini, nikapanda jingine la barabara ya Morogoro, nikashuka Kwa Mathias. Nilikuja kubisha hodi. Pale kituoni nikasimama. Nilifikiri nitakachosema mlangoni, na kila neno lilianza na Hemedi, nami jina lake sikuwa nimelitamka tangu siku ile nilipowarudisha washenga wake na kanga yao. Nikakaa kwenye benchi la Kibwana, fundi viatu, nikavua kiatu nionekane nina shughuli. Ukapita na mtoto mkononi. Hukutazama upande wangu. Ulikuwa umenenepa kidogo, na ulitembea kama marehemu mama yako. Nikarudi Kisarawe.

Nikaenda tena. Alipoanza shule ilikuwa rahisi, maana anapita pale na wenzake. Nilikuwa nakwenda kila nikipata nguvu. Kibwana aliniambia, "Mzee, viatu vyako vitakwisha kwa kushonwa, si kwa kutembea." Sidhani hakujua. Watoto wakipita huwaamkia wazee wote wa pale benchini, na Sikudhani naye aliniamkia, "Shikamoo babu," kama anavyomwambia mzee yeyote. Nami niliitikia. Redempta, nilikuwa nasafiri kutwa nzima kwa ajili ya kuitikia marahaba moja, na nilikuwa narudi nayo nyumbani nikiwa nimeshiba.

Sasa sikia lililobaki. Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, nilimwona anachechemea. Mwenzake alimwita, akageuka, akautupa mguu nje. Mtu aliyefundisha mifupa hawezi kuuona mguu ule akadhani ni minyoo. Nilijua pale pale, kiatu kimoja kikiwa mkononi mwa Kibwana. Nilirudi nikakuandikia. Nikachana. Nikaandika tena nikachana, kwa sababu ili nikuambie nilichokiona ingebidi niseme nimekionea wapi, na ingebidi niseme kwamba mimi niliyefunga mlango ndiye ninayesimama barabarani kuwachungulia. Nilijiambia mama yake ana macho, ataona. Ukaona, baada ya karibu mwaka.

Daktari alikuambia mwaka mmoja. Mwaka huo nimeula mimi.

Sina muda mrefu, mwanangu. Si kifua, ni moyo, umechoka, na miguu imevimba mpaka viatu vile vilivyoshonwa bure havinienei. Nisingependa ulisikie hili kwa mtu mwingine nikishazikwa. Kubalini kupasuliwa kwake. Mkinichukia, mnichukie, lakini kisu msikikatae kwa sababu yangu.

Baba yako


Sofu, Kibaha
8 Novemba 1980

Baba,

Shikamoo. Sijaandika tangu Juni, na sitasema nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa naamka nazo na kulala nazo. Nilipita Kwa Mathias nikalitazama lile benchi, nikatamani kulipiga teke. Kibwana akaniuliza, "Yule mzee wako haji siku hizi?" Nikashika njia yangu. Alijua kabla yangu.

Hemedi nilimsomea barua yako uani. Nilidhani atachafuka. Akasema, "Kumbe miaka yote hii tumekuwa na mgeni, na hatujawahi kumpa hata maji." Kesho yake akaenda Mlandizi kwa mama yake. Sijui walizungumza nini. Aliporudi alisema, "Mama anasema kama babu yake ameona, basi apasuliwe."

Walimpasua Septemba. Daktari alichonga daraja lote aliloliona, akaweka kipande cha mafuta alichokitoa kwenye makalio ya mtoto mwenyewe, jambo ambalo Sikudhani hajatusamehe kwa kuwaambia watu. Aliweka pini mbili ndogo, moja kila upande wa gegedu. Baada ya mwaka atapiga picha. Pini zikiwa zimeachana, gegedu limeitika. Zikiwa palepale, hapana. Mpaka hapo hakuna anayejua, hata yeye.

Plasta imefunguliwa. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba tutakuja, sote watatu, mafuta ya gari yakipatikana. Usije kutupokea kituoni. Usikae kwenye benchi la mtu. Kaa nyumbani kwako, kwenye kiti chako, tukukute.

Binti yako,
Redempta


Kisarawe
22 Desemba 1980

Mwanangu Redempta, na mkwe wangu Hemedi,

Nawasalimu nyote. Namwandikisha Salehe, kalamu sasa inanishinda. Maneno ni yangu. Afya ni kama mlivyoiacha, au chini yake kidogo.

Mlipoondoka sikuinuka pale kitini mpaka Salehe alipokuja kuniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nasikiliza nyumba. Ilikuwa bado na sauti ya Sikudhani akibishana na baba yake kuhusu nani kala korosho nyingi.

Hukuwepo alipoingia, Redempta, ulikuwa unashusha mizigo. Alisimama mlangoni na gongo lake la kutembelea akasema, "Wewe si yule babu wa viatu?" Nikasema ndiye mimi. Akanitazama sana. "Sasa mbona hukusema?" Nilifundisha watu wazima, nilijibu wakaguzi kutoka wizarani, na mtoto yule nikampa korosho. Nimelitafuta jibu tangu siku ile, naomba umfikishie: niliogopa kuambiwa nirudi nyumbani. Bora nilivyokuwa, nisiyejulikana lakini nikiamkiwa. Mwambie lilikuwa kosa, na kwamba hata angaliniambia nirudi, bado ningalirudi na sauti yake.

Nililishika goti lake. Alikubali, akasema vidole vyangu ni vya baridi. Kovu limefunga vizuri. Nilibonyeza pembeni ya mfupa, pale kisahani kilipo, na nilikaa na kidole pale muda mrefu kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi. Hakuna cha kusikia kwa kidole, najua. Gegedu halina haraka. Lakini nilisubiri. Mwaka ujao zile pini zitasema, nami sitakuwepo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko moyo wenyewe. Nimejua jinsi mfupa unavyokua tangu nikiwa kijana, na mmoja ninaotaka kuuona ukikua sijabakiziwa muda wake.

Tulisimama mgongo kwa mgongo, mliona. Ananifikia shingoni. Alisema mimi nimejikunja. Ni kweli, magegedu ya uti wa mgongo wangu yamekwisha.

Hemedi, lililobaki ni lako. Ulipokuja na washenga sikukupa hata kiti. Juzi ulinibeba kutoka chumbani hadi barazani kama mtoto, ukasema mimi ni mwepesi kuliko gunia la mkaa, tukacheka. Naomba neno moja. Siku yangu ikifika, mchungaji atasoma yake, na wewe una yako, lakini wakati wa kuinua jeneza nataka ushike mbele, upande wa kulia, ambapo angeshika mwanangu wa kiume kama ningejaliwa. Nimekwisha kumwambia mchungaji. Nataka Kisarawe nzima ione.

Baba yenu


Sofu, Kibaha
30 Desemba 1980

Baba,

Shikamoo. Sikudhani anakuamkia, na jibu lako nimempa. Alifikiri, akasema, "Angesema tu. Ningemwambia twende nyumbani." Halafu akaenda kucheza.

Hemedi aliisoma barua mwenyewe, hakutaka nimsomee. Alipofika pale pa jeneza aliikunja, akaiweka mfukoni, akatoka. Aliporudi alikuwa ameazima pikapu ya watu wa ushirika. Ameniambia nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema:

"Mwambie mzee habari ya jeneza nimeisikia, na kushika nitashika, hilo asiwaze. Lakini mtu hanishikishi jeneza lake kabla hajala kwangu. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Dirisha lake linaangalia njia ya watoto wa shule. Ijumaa nikitoka kuswali nakuja kumchukua, akae Sofu. Kama ni siku tatu, ni siku tatu. Kama ni mpaka hizo pini zipigwe picha, Mungu ndiye ajuaye. Afungashe nguo zake, na viatu asilete."

Nilimuuliza kwa nini viatu asilete. Akasema, "Anakwenda wapi tena?"

Barua hii nampa dereva wa ushirika anayekuja huko kesho, ikufikie kabla ya Ijumaa. Ukiipata, Baba, usijibu. Ngoja tu.

Binti yako,
Redempta